Kufuata Mto Nairobi: Safari ya Kutafuta Kijani cha Kila Siku

Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, kandokando ya mji wa Kikuyu, kisha hushuka kuelekea mashariki ukilipasua jiji lenye jina lake, na baada ya kuungana na mto Athi maji yake huendelea na mwendo mrefu, yakiitwa Galana na mwishowe Sabaki, hadi yanapoingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Safari inayosimuliwa katika makala haya iliufuata mto huo na baadhi ya vijito vyake kutoka miinuko ya magharibi hadi nyanda za mashariki, kwa miguu pale palipokuwa na njia, na kwa matatu pale ambapo barabara kuu au kuta za nyumba ziliwafungia wapita njia kando ya mto. Shabaha yake ilikuwa kuchunguza namna jiji lenye wakazi 4,397,073, kwa mujibu wa sensa ya 2019, linavyowapatia au kuwanyima wakazi hao fursa ya kukutana na miti, maji, ndege na udongo katika shughuli zao za kila siku, na kupima iwapo tofauti kati ya mtaa na mtaa zimeletwa na maumbile yenyewe au na maamuzi ya wapangaji wa jiji.

Eneo la kijani, kwa maana inayotumika hapa, ni sehemu yoyote ya mji ambayo haijafunikwa kwa lami, saruji wala mabati, na ambamo mimea hustawi kiasi cha kumpa mtu kivuli, kuyaacha maji ya mvua yanywee ardhini na kuwapa hifadhi viumbe wengine. Maana hiyo inaukubali msitu wa hekta elfu moja, na inaukubali vilevile ua wenye miti mitatu baina ya nyumba za kupanga. Wataalamu wa mipango miji wamejaribu kuweka vipimo vya maeneo hayo, na vipimo vyenye manufaa zaidi ni vile vinavyoanzia mlangoni mwa mkazi. Ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2017, ilipendekeza kwamba kila mkazi aweze kufikia eneo la kijani la umma lenye angalau nusu hekta hadi hekta moja katika umbali wa mita 300, yaani mwendo wa dakika tano hivi kwa miguu. Mwaka 2021 mtaalamu wa misitu ya mijini, Cecil Konijnendijk, aliliendeleza wazo hilo kwa kanuni ya namba tatu: miti 3 ionekane kutoka kila nyumba, kivuli cha matawi kifunike asilimia 30 ya kila mtaa, na bustani iwe mita 300 tu kutoka kila mlango.

Umuhimu wa mti unaoonekana dirishani haukubuniwa na washairi peke yao. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, akawalinganisha wale ambao madirisha yao yalitazama miti na wale waliotazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walikaa hospitalini kwa muda mfupi zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Idadi ya wagonjwa hao ilikuwa ndogo, jozi 23 tu, lakini uchunguzi huo ulifungua mlango wa tafiti nyingi zilizofuata, na uliwapa wasanifu wa miji hoja ambayo hapo awali ilichukuliwa kuwa suala la ladha na urembo.

Kutoka Ondiri hadi bustani ya miti

Ondiri ni kinamasi cha aina ya pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya uso wake ni tandiko la mimea iliyosokotana juu ya maji, ambalo hutikisika chini ya nyayo za anayelikanyaga. Miaka iliyopita kinamasi hicho kilikauka kwa kiwango cha kutisha kutokana na uvutaji wa maji kwa ajili ya kilimo na kutokana na mikaratusi iliyopandwa kukizunguka, mti ambao hunywa maji mengi na ambao haufai kukaa kwenye chemchemi. Wenyeji walijipanga, mikaratusi ikang'olewa, mianzi na miti ya asili ikapandwa mahali pake, na maji yakarejea pamoja na korongo wenye taji. Mtu anayesimama ukingoni asubuhi huona watoto wa shule wakikata njia pembezoni mwa matete, wakulima wakielekea mashambani, na ndege wakubwa wakitembea polepole majini bila kuwaogopa, jambo linaloonyesha kwamba viumbe wa porini na maisha ya kawaida vinaweza kukaa pamoja iwapo chanzo cha maji kitalindwa.

Kutoka hapo ardhi huteremka, na tofauti ambayo msafiri huigundua mapema ni ya udongo. Upande wa magharibi wa Nairobi udongo ni mwekundu, wenye kina na wenye kupitisha maji vizuri, na mvua hunyesha kwa wingi zaidi. Upande wa mashariki udongo ni mweusi, mzito, wenye kuvimba unaponyeshewa na kupasuka unapokauka, na mvua ni haba. Wakoloni walioanzisha mji huu mwaka 1899 kama kituo cha reli walijichagulia miinuko ya magharibi, wakawaweka wafanyakazi Waafrika katika nyanda za mashariki, na mipango ya baadaye, ukiwemo mpango mkuu wa 1948, ilirasimisha mgawanyo huo. Reli, mabonde ya mito na maeneo ya wazi vilitumika kama mipaka kati ya jamii na jamii. Hivyo basi, kijani ambacho mgeni anakisifu anapopita Lavington au Muthaiga hakikutokana na rutuba ya udongo peke yake, bali kilitokana pia na ukubwa wa viwanja, na ukubwa huo ulipangwa kwa misingi ya rangi.

Karibu na Ikulu, kijito cha Kirichwa hupita kando ya Arboretum, yaani bustani ya miti ya aina nyingi iliyokusanywa kwa ajili ya majaribio na elimu. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti inayokua haraka, kwa kuwa treni za wakati huo zilihitaji kuni, na leo eneo lake la takriban hekta 30 lina zaidi ya aina 350 za miti. Historia hiyo ina funzo kwa msanifu, kwani sehemu iliyoanzishwa kwa ajili ya kuni imekuwa mahali pa wanafunzi kusomea, vikundi vya maombi kukutania, wazee kunyooshea viungo na wapenzi kuzungumza. Kilichowezesha matumizi hayo yote kukaa pamoja ni mpangilio wa njia zake, ambazo zinajipinda kati ya miti kiasi kwamba kundi moja haliwaoni wala kuwasikia wengine.

Barabara yenye miti na mti uliookolewa

Mji wa Nairobi una deni kwa mtunza bustani mmoja, Peter Greensmith, ambaye alikuwa msimamizi wa bustani za jiji kuanzia 1947 hadi 1966, na ambaye aliipamba barabara inayoitwa leo Uhuru Highway kwa mibogenivilia na miti ya maua iliyootesha rangi katikati ya magari. Jakaranda, ambazo huchanua kati ya Septemba na Novemba na kuzitandika njia za miguu kwa zambarau, asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini zimekuwa sehemu ya kumbukumbu ya kila aliyekulia jijini. Miti ya barabarani ina kazi kubwa kuliko uzuri wake. Nairobi iko karibu sana na mstari wa Ikweta, hivyo saa sita mchana jua huwa karibu utosini na majengo marefu hayamwagi kivuli cha maana juu ya wapita njia. Ni matawi yaliyotanda peke yake yanayoweza kumkinga mtembea kwa miguu saa hizo. Katika jiji ambalo wakazi wengi huenda kazini kwa miguu, mti wa barabarani ni huduma ya uchukuzi sawa na kituo cha matatu.

Ujenzi wa barabara ya juu ya kulipia, ulioanza mwaka 2020, uliondoa miti mingi katika njia yake, na mkuyu mmoja mkubwa wa miaka mingi pale Westlands, kando ya Waiyaki Way, ulikuwa miongoni mwa iliyopangiwa kung'olewa. Wananchi walipaza sauti, na Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta aliagiza mti huo uhifadhiwe. Mkuyu ungali umesimama, na kwa Wakikuyu mti wa jamii ya mikuyu, mugumo, ni mtakatifu tangu zamani. Hata hivyo tukio hilo linaonyesha udhaifu wa utaratibu, kwa sababu mti mmoja kuokolewa kwa amri ya rais ni ushahidi kwamba mingine haikuwa na ulinzi wowote katika michoro ya wahandisi. Usanifu mzuri huandika miti iliyopo kwenye ramani kabla ya kuchora barabara, ili mhandisi alazimike kueleza sababu ya kuukata kila mmoja.

Misitu iliyotetewa

Kaskazini mwa bonde la mto Nairobi, mito kadhaa, ikiwemo Karura na Ruaka, hupita katika Msitu wa Karura kabla ya maji yake kuungana na mto mkuu upande wa mashariki. Msitu huo wenye zaidi ya hekta 1,000 ulitangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932, lakini katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi kwa siri. Tarehe 8 Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti langoni, wakashambuliwa na walinzi wa kukodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Upinzani huo, uliojumuisha wanafunzi wa vyuo vikuu na viongozi wa dini, ulizuia ujenzi, na ripoti ya tume ya Paul Ndung'u kuhusu ugawaji haramu wa ardhi ya umma, iliyotolewa mwaka 2004, iliuweka msitu huo miongoni mwa mifano yake.

Msitu ulionusurika haukuwa bado msitu wa watu. Kwa miaka kadhaa Karura iliogopwa kwa sababu ya majambazi, na hapo ndipo sura ya pili ya utetezi ilipoanza. Mwaka 2009 kiliundwa chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura, ambacho kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya 2005 kiliweza kushirikiana na Huduma ya Misitu ya Kenya katika usimamizi. Uzio wa umeme ulijengwa, vijana wa vijiji jirani kama Huruma waliajiriwa kuwa walinzi, na mwaka 2011 milango ilifunguliwa kwa kiingilio. Leo kuna zaidi ya kilomita 50 za njia za kutembea na za baiskeli, maporomoko ya maji, mapango yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau, na mbega waliohamishiwa humo kutoka Kipipiri, Nyandarua. Mikaratusi iliyopandwa zamani kwa ajili ya mbao inaondolewa hatua kwa hatua na nafasi yake kuchukuliwa na miti ya asili kama muhugu.

Mafanikio ya Karura ni ya kweli na hayana budi kuenziwa, lakini msafiri anayehesabu kama mzazi huiona hesabu nyingine. Kiingilio, hata kiwe kidogo, huzidishwa kwa idadi ya watoto, kisha huongezwa nauli ya kwenda na kurudi, na jumla yake kwa familia ya Mathare au Kariobangi inakuwa chakula cha siku. Familia kama hiyo ikifika Karura mara moja kwa mwaka, imepata ziara, haijapata maumbile ya kila siku. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo kiini cha suala zima, kwa maana faida ya kijani kwa afya, kwa utulivu wa akili na kwa malezi hutokana na kukutana nacho mara kwa mara, wala haiwezi kuwekwa akiba kwa safari moja ya sikukuu.

City Park, iliyoko Parklands, iko karibu zaidi na wakazi wa kawaida, na kwa hiyo inatumika kwa namna tofauti. Katika takriban hekta zake 60 kuna masalia ya msitu wa asili, kima wanaowafuata wageni wakitafuta karanga, na makaburi ya Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1965, na ya rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, ambaye alitaka azikwe karibu na Pinto. Bustani hiyo nayo ilimegwa, na ulinzi wa kisheria kama turathi ya taifa, uliotolewa mwaka 2009, ulikuja baada ya sehemu zake kuwa zimekwisha kupotea.

Katikati ya jiji

Uhuru Park, yenye hekta 12.9, ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969. Mwaka 1989 chama tawala kilipanga kujenga humo mnara wa ghorofa 60, na Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua, akadhihakiwa bungeni, lakini mradi huo ukafutwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula katika kona ya bustani hiyo ambayo tangu hapo inaitwa Freedom Corner, na tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ilitangazwa rasmi katika bustani hiyohiyo. Ibara ya 42 ya Katiba hiyo inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 69 inaitaka serikali ifanye kazi ya kufikia na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa nyasi za umma kuwa msingi wa uhuru wa raia, kwa kuwa mikutano hiyo yote isingewezekana kama pangekuwa na mnara.

Umbali mfupi kutoka hapo iko Jeevanjee Gardens, ambayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyetoka Karachi na kupata mikataba ya kujenga reli ya Uganda, aliutolea umma uwanja huo mwaka 1906. Mwaka 1991 ulipotishiwa kwa mpango wa maegesho ya magari na maduka, mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza kampeni iliyouokoa. Uwanja wenyewe ni mdogo, takriban hekta mbili, wala hauna msitu, ziwa au maporomoko. Saa saba mchana kila benchi lina watu wanne, na nyasi zote zilizo chini ya miti zimekaliwa, ilhali nyasi zilizo juani ziko tupu. Karani amejilaza, kiatu kimoja kichwani kikiwa mto na cha pili kifuani. Mhubiri ana Biblia mkononi na kundi la wasikilizaji. Wapiga picha wanawasubiri wateja. Na upande mwingine wananchi wanajadili siasa katika mkusanyiko unaojulikana kama Bunge la Mwananchi. Kivuli kinapohama, watu nao huhama pamoja nacho bila kuambiana neno. Msanifu anayetaka kujua mahali pa kupanda mti unaofuata hahitaji kufanya utafiti mkubwa, kwani nyasi tupu zimekwisha kumjibu.

Katika mzunguko wa Globe, mto Nairobi hutokea tena machoni, na hapo iko bustani iliyopewa jina la John Michuki, waziri wa mazingira aliyeanzisha usafishaji wa mto huo mwaka 2008 na aliyefariki mwaka 2012. Ardhi ambayo zamani ilikuwa jalala na karakana sasa ina njia kando ya maji, mianzi na miti michanga, na mtu anaweza kusimama darajani akautazama mto katikati ya jiji bila kuziba pua kwa kiwango cha zamani. Kazi haijakwisha, kwa sababu bustani ya ukingoni haiwezi kuwa safi kuliko maji yanayoipitia, na maji hayo hubeba taka za mitaa yote iliyo juu yake.

Mashariki, kwenye udongo mweusi

Kuanzia soko la Gikomba kwenda chini, mto na wakazi hugombania nafasi ileile. Mvua kubwa za Aprili na Mei 2024 zilisababisha mafuriko yaliyoua watu na kubomoa nyumba, na serikali iliamuru waliokuwa wakiishi karibu na mito waondoke, nyumba nyingi za Mathare na Mukuru zikabomolewa. Kuondoa nyumba kwenye hatari ni jambo la lazima, lakini ukingo ulioachwa wazi bila mti, bila njia na bila msimamizi hugeuka jalala katika muda mfupi, kisha hujengwa upya. Ukingo hulindwa na matumizi mema kuliko unavyolindwa na amri.

Ushahidi wa hoja hiyo unapatikana Kibera, upande wa kusini-magharibi, ambako safari ilijitenga kidogo na mto mkuu ili kuufikia mto Ngong. Shirika la usanifu la Kounkuey Design Initiative, lililoanzishwa mwaka 2006, limeshirikiana na vikundi vya wakazi kugeuza majalala ya kandokando ya maji kuwa viwanja vya umma. Ukingo umeimarishwa kwa gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, ambavyo huzuia mmomonyoko huku vikiyaacha maji yapenye. Juu yake kuna uwanja wa michezo wa watoto, banda la mikutano, bustani ya mboga na vibanda vya biashara. Biashara hizo hazikuongezwa kwa mapambo. Mapato yake hulipa matengenezo, na vikundi vyenye faida katika uwanja huo vina sababu ya kuulinda usiku na mchana.

Dandora inatoa funzo la namna nyingine. Mtaa huo ulijengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, chini ya mpango ambao familia zilipewa viwanja vyenye maji, bafu na choo ili zijijengee vyumba zenyewe, na wasanifu waliacha nyua za pamoja ambazo wakazi huziita korti. Kadiri miaka ilivyopita, nyua hizo zilijaa taka, magari mabovu na vijana wasio na kazi, huku jalala kuu la jiji, lililotangazwa kujaa mwaka 2001 lakini likaendelea kutumika, likifuka moshi upande wa pili. Katika muongo uliopita vijana waliojiita Dandora Transformation League walianzisha mashindano ya kusafisha na kupamba korti, na matokeo yake yanaonekana hadi leo.

Korti iliyokarabatiwa ina lango lililopakwa rangi, mfereji wa maji ya mvua uliosafishwa, na kingo za matairi yaliyozikwa nusu ili magari yasipande majani. Katikati kuna kipande cha nyasi kisichozidi ukubwa wa darasa, na pembeni kuna miti ambayo mashina yake yamezungushiwa fito. Kupanda mti hapa kuna ufundi wake, kwa kuwa udongo mweusi ukilowa hukaba mizizi na ukikauka huichana. Kwa hiyo shimo huchimbwa pana kuliko kawaida, udongo wake huchanganywa na samadi na changarawe, na mche huinuliwa juu ya tuta dogo ili maji yasituame. Migunga na mijohoro huvumilia hali hiyo kuliko miti iliyozoea udongo mwekundu. Sukuma wiki zimeoteshwa kwenye magunia, nguo zimeanikwa ukutani, wazee wanacheza bao kivulini, na watoto wadogo wanacheza mbele ya macho ya mama zao ambao hawakulazimika kuacha kazi wala kulipa nauli. Korti kadhaa hutoza ada ndogo ya kuegesha gari au kuliosha, na fedha hizo hununua miche, rangi na mshahara wa mlinzi.

Mambo yaliyothibitika

Safari hiyo kutoka Ondiri hadi Dandora inathibitisha mambo ambayo wasanifu wa miji ya Afrika Mashariki wanapaswa kuyashika. La kwanza ni kwamba umbali ni muhimu kuliko ukubwa: korti moja ya Dandora huwahudumia wakazi wake kila siku ya mwaka, ilhali msitu wa hekta elfu moja, ulio muhimu mno kwa hewa, maji na wanyama, hauwezi kuwafikia wasio na nauli. La pili ni kwamba kivuli hutangulia maua, kwa kuwa watu hukaa penye kivuli na huyapita maua. La tatu ni kwamba miti hufuata udongo, na orodha moja ya miche kwa jiji zima ni njia ya uhakika ya kuua nusu yake. La nne ni kwamba kila eneo la kijani lililodumu Nairobi lina watu wanaojulikana kwa jina walioliwekea mkono, ama kwa kesi, ama kwa barua, ama kwa jembe, na eneo lisilo na kikundi chake humegwa kimyakimya.

Mambo hayo hayaihusu Nairobi peke yake. Dar es Salaam inapanga upya bonde la Msimbazi baada ya miaka mingi ya mafuriko, na Kampala inaendelea kupoteza vinamasi vyake kwa ujenzi. Miji hiyo ingali na nafasi ya kuamua kwamba mkondo wa mto uwe uti wa mgongo wa bustani za umma badala ya uchochoro wa taka, na kwamba mitaa ya wenye kipato kidogo ipate miti kwanza, kwa sababu ndiyo yenye joto zaidi, yenye vyumba vidogo zaidi na yenye watoto wengi zaidi wasio na mahali pa kuchezea.

Mabaraza ya miji yasingoje bajeti kubwa ili kuanza. Yaorodheshe kila ua, kila ukingo wa mto na kila uwanja wa shule uliobaki wazi, yauandikishe kisheria kuwa mali ya umma kabla haujapata hatimiliki ya mtu binafsi, kisha yawape wakazi wanaoishi karibu nao miche inayofaa, maji ya kumwagilia na mamlaka ya kuusimamia. Mkazi wa Nairobi naye asikae akisubiri baraza: atoke mlangoni kwake, atembee dakika tano, na asipoukuta mti wa umma wa kukaa chini yake, akadai haki ambayo ibara ya 42 ya Katiba imekwisha kumwandikia.